Siku Baba Mkwe Aliponituma Beringi

Kuna siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na babu yenu Odhiambo asinisikie nikisema hivyo. Ni siku ile lori lililombeba marehemu mama mkwe wangu liliposhindwa na safari maili chache kabla ya Kombewa, na watu wakasema kosa ni langu.

Nimeketi hapa Migosi, Kisumu, na magoti yangu yanayolalamika, chai iko, sina pa kwenda. Nawe usiwe na haraka. Ninyi vijana mnataka hadithi iishe kabla haijaanza.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga. Baba yangu alikuwa ametoka Murang'a akahamia Kisumu, akafungua duka la spea za magari. Mimi nililelewa nyuma ya kaunta. Wasichana wenzangu walijua vitambaa vipi vimeingia mjini. Mimi nilijua beringi ya stendadi na beringi ya andasaizi, ile nene kidogo ya injini iliyokwisha kuchongwa, na ningeweza kukutajia gasketi kwa kuishika tu. Odhiambo alikuja dukani kununua fenibelti. Akarudi kununua fenibelti nyingine, na nyingine tena, hata baba akaanza kuuliza huyu kijana ana magari mangapi. Hakuwa na gari hata moja. Ndivyo tulivyooana.

Hakuna upande uliofurahi, nikuambie ukweli. Baba yangu alikubali kwa mdomo, lakini moyo wake ulichelewa njiani. Tangu mazungumzo ya mahari yaishe hakuwahi kukanyaga kwa wakwe zangu. Na huko Asembo, mama mkwe wangu, Mama Dorka, alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya ziwa. Alitaka mke wa mwanawe akae naye pale nyumbani, akaange samaki naye, aende naye Asembo Bay asubuhi mashua zinaporudi. Mimi nilikaa mjini na mume wangu na duka la baba. Siku moja nilipowatembelea alinipakulia kichwa cha samaki, jambo ambalo kwao ni heshima kubwa. Mimi niliyelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe, nilikisogeza kando, maana kilikuwa kinanitazama. Hapo akasema, mbele ya majirani, kwamba siku yeye akifa, huyu nyar Okuyu, yaani huyu binti wa Wakikuyu, asikanyage matanga yake.

Kisha akaugua, akaletwa hospitali mjini. Niliyekuwa karibu ni mimi. Nilimpelekea uji kila asubuhi, naye aliunywa, akafuta mdomo, akaniuliza habari za Odhiambo. Neno lile hakulirudisha. Nami sikumwomba alirudishe, kwa sababu nilikuwa na kiburi changu, na yeye alikuwa na chake. Akafariki hivyo, tukiwa tumezoeana bila kupatana. Liliniuma, na mpaka leo nikipika uji wa wimbi bado huniuma kidogo.

Lori tulilopata lilikuwa lile la kubeba samaki. Lilioshwa kwa sabuni mpaka sakafu ikawa nyeupe, lakini harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, haiondoki kwa sabuni. Dereva alikuwa Ramadhani, Mnubi wa Kibos, mtu mpole aliyekuwa makanika kabla hajawa dereva. Baba mkwe wangu, Mzee Okelo, alipanda mbele karibu naye. Sisi wengine tulikaa nyuma, tukilizunguka jeneza: mume wangu, majirani, jamaa, na Awino, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa amerithi sauti ile ile.

Tulipopita Kisian nikaanza kusikia mlio. Ng'o, ng'o, ng'o, kutoka chini. Dereva akipunguza mwendo, unapungua. Akikanyaga mafuta kupanda mlima, unaongezeka. Niliutambua papo hapo. Lakini wenzangu waliokuwa wameketi karibu na jeneza waliusikia ukitokea chini ya mbao, pale pale alipolala mama. Nyimbo zikanyamaza. Awino akaweka sikio lake juu ya jeneza, akatulia hivyo kwa muda, kisha akainua kichwa.

"Anagonga," akasema.

Kwetu sote wa pande hizi, mwanangu, jambo hili si geni. Gari la maiti likikwama, watu husema marehemu amekataa kwenda, ana neno moyoni. Hata leo mtasikia. Basi unaweza kufikiri ile hofu iliyoingia mle ndani, ya watu wanaosikia mpendwa wao akigonga sanduku.

Nami nikafungua mdomo. Nikasema kwa sauti, kama vile niko kaunta, "Si yeye. Ni beringi za konrodi. Zimekwisha."

Nilikuwa sahihi, na sijawahi kuwa sahihi mahali pabaya kama pale. Wote walinigeukia. Mkwe ambaye marehemu alimkataza kuja, sasa amekuja, na bado anawaambia watu kwamba mama yao si kitu, ni chuma. Hata Odhiambo aliniangalia kwa huzuni. Kabla sijapata la kuongeza, Ramadhani akaegesha lori kando ya barabara na kuzima injini.

Akaingia chini, akafungua oili ikashukia kwenye debe, akalitoa lile bakuli la chini wanaloliita sampu. Alipotoka alikuwa amekunja uso. Nikueleze kidogo ili uelewe. Ndani ya injini kuna mhimili unaozunguka, unaoitwa krenki. Pistoni zimeunganishwa nao kwa vyuma virefu, ndizo konrodi, na pale konrodi inapoukamata mhimili kuna beringi, vipande viwili vyembamba na laini vinavyokutana kuwa duara, ili chuma kisisage chuma. Beringi zikilika, panakuwa na nafasi, na konrodi inaanza kugonga. Ukiendelea kuendesha, konrodi inakatika na kutoboa injini, na hapo huna gari tena.

Ramadhani alimwonyesha Mzee Okelo ile oili kwenye debe, imejaa chembe zinazometameta. "Mzee, beringi imelika yote. Moja imeisha kabisa, na hizi ingine ziko nyuma yake. Krenki bado iko sawa, naweza kuisugua na msasa. Lakini bila beringi mpya hii gari haiendi popote. Na beringi iko town."

Awino alikuwa ameshashuka. Alikuwa akilia, na nataka ujue kwamba alilia kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempoteza dada. "Beringi gani?" akasema. "Dada yangu alisema na mdomo yake, mbele ya watu. Huyu asikuje kwa matanga yangu. Sasa mnaona amekataa. Huyu ashuke arudi kwao, muone kama hii lori haitawaka."

Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akasema ni kweli, maneno ya marehemu hayavunjwi. Mwanamke aliyekuwa ameketi nami bega kwa bega tangu hospitali akasogea, akaniachia nafasi ambayo sikuiomba. Odhiambo akaanza kumfokea mama yake mdogo, mbele ya mwili wa mama yake, na nikaona kabisa jinsi siku ile ingeisha: mimi nje ya nyumba ile, na yeye akichagua kati yangu na watu wake kando ya barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mzee Okelo alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mrefu, mkavu, na aliongea kama mtu anayechagua pa kukanyaga. Aliinua mkono, watu wakanyamaza. Kwanza akanitazama mimi.

"Nyathina," akasema, na nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, "kile umesema ni ukweli. Lakini umekisema kama mtu anashinda kesi. Hawa wamefiwa. Hakuna kesi hapa."

Karipio ni hilo tu. Hakupandisha sauti. Lakini liliingia mahali ambapo kelele zote za Awino hazikufika, kwa sababu niliona amenielewa hata kabla ya kunikosoa.

Kisha akawageukia wengine. "Mke yangu alisema maneno mingi. Mimi ameniambia mara ngapi sitakula tena kwa nyumba yake, na jioni ananipakulia. Nyinyi mnamjua siku za kelele. Mimi namjua na jioni." Kuna aliyecheka, akajifunika mdomo. "Lakini sawa. Mnataka huyu arudi town. Mimi pia nataka arudi town."

Odhiambo akapiga hatua mbele, baba yake akamzuia kwa fimbo.

"Chi Odhiambo," akaniita, yaani mke wa Odhiambo. "Rudi town kama wamesema. Lakini usiende kama mtu amefukuzwa. Enda kama mtu mimi nimetuma. Leta beringi. Na uilete wewe mwenyewe, usipatie mtu. Mke yangu hatatoka hapa kama wewe hujarudi."

Awino akauliza, "Na asiporudi?"

"Basi tutalala hapa na yeye," akasema mzee.

Mwanangu, sijui kama unaona uzito wa jambo lile. Kulala njiani na maiti ni jambo ambalo ukoo mzima ungelikumbuka kwa vizazi. Na yeye akaliweka mikononi mwa msichana ambaye dakika ile ile watu wake walitaka kumtupa. Ramadhani akanipa kipande kimoja cha beringi iliyolika, akaniambia nisinunue kwa kukisia, niangalie namba iliyo mgongoni. Nikaifunga kwenye pembe ya leso. Basi la kutoka Bondo likapita, nikalisimamisha, nikapanda.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nililia mpaka mjini. Na nilipofika dukani, baba alikuwa anafunga, maana ilikuwa Jumamosi, siku ya kufunga mapema. Aliniona, akaacha komeo la mlango.

Baba yangu aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema polepole, "Maitu, kaa. Wamekuonyesha mlango, na wewe umetoka. Kaa hapa nyumbani kwako."

Nikakaa. Kiti kile nilikijua tangu utoto, na duka lilinuka mpira na grisi kama siku zote. Ilikuwa rahisi sana kukaa pale. Niliwaza, sasa nimepumzika, na wao wakajitafutie beringi.

Lakini mkono wa mfanyabiashara una mazoea yake. Baba alikuwa amefungua pembe ya leso, amevaa miwani, anasoma namba. "Andasaizi ishirini," akajisemea. "Hiyo krenki imechongwa mara mbili."

"Baba," nikamwambia, "yule mzee amesema mwili hauondoki pale mpaka nirudi mimi."

Akainua macho. "Amesema hivyo mbele ya watu wake?"

"Mbele ya wote. Na mama mdogo wa Odhiambo akamuuliza, nisiporudi je, akasema watalala hapo naye."

Baba alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Nadhani kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikuwa anawafikiria wale watu kama watu, na yule mzee kama mzee mwenzake. "Mtu amekuwekea maiti ya mkewe kuwa dhamana," akasema mwishowe, "na wewe umekaa kwenye kiti?"

Aliyeniambia nikae ni yeye. Lakini huwezi kubishana na mzazi aliyebadili mawazo, unashukuru tu unanyamaza. Alipanda ngazi akashusha boksi lenye vumbi, seti nzima, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Akachukua msasa laini, gasketi, na mikebe ya oili mpya. Akafunga duka. Kisha akaniambia nipande kwenye gari lake, akaliwasha mwenyewe, tukashika njia ya Kisian. Tulipofika pale penye mlima aliniuliza kama marehemu aliugua kwa muda mrefu, nikamwambia, na akatikisa kichwa.

Tulipofika nilitarajia kukuta watu wamenuna kama nilivyowaacha. Sivyo. Walikuwa wameketi kwenye nyasi, macho mekundu, sauti za chini. Baadaye Odhiambo alinisimulia. Nilipoondoka tu, Mzee Okelo aliwaambia hivi: kama marehemu anakataa, hawezi kuwa na neno na mtu mmoja peke yake, maana yeye anamjua, alikuwa na neno na kila mtu. Basi kila mmoja apande aongee naye. Mwenyewe akatangulia, akamwomba msamaha mkewe kwa mambo ambayo Odhiambo hakutaka kunitajia. Jirani mmoja akaungama habari za kuku. Shemeji akaungama kuhusu wavu alioazima akauchana akaurudisha usiku bila kusema. Na Awino, alipofika zamu yake, alikaa kule juu muda mrefu kuliko wote. Alikuwa amekosana na dada yake juu ya sufuria ya mama yao, wakapitisha mavuno mawili bila kusalimiana. Aliposhuka, hakuwa na nguvu ya kumlaumu mtu.

Walipoona gari la baba wakasimama. Nilishuka na boksi mikononi, kama nilivyoagizwa, nikalipeleka moja kwa moja kwa baba mkwe. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Erokamano," asante. Kisha akamwangalia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Kwetu Wakikuyu, mwanangu, wazee wa zamani hawakupenda kukaribia maiti hata kidogo. Baba yangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari lake, kofia mkononi, na nilijua kwamba kwake hapo tayari ni karibu mno. Mzee Okelo akamwendea. Wakashikana mikono, hawakuachiana haraka. Sikusikia walichosema. Niliona tu baba akivua koti lake, akilikunja na kuliweka kwenye kiti, kisha anakunja mikono ya shati na kuja kuchuchumaa kando ya lori, chini kabisa ya lile jeneza.

Ramadhani alikuwa ameshazitoa beringi zote kuukuu. Alikuwa amepanga vifuniko vya konrodi kwenye gunia, kila kimoja mahali pake, kwa sababu kifuniko cha konrodi hii hakiendi kwenye konrodi ile, na hakigeuzwi upande, hata kama kwa macho vyote ni sawa. Aliisugua krenki kwa msasa, kwa utepe uliozungushwa, anavuta huku na huku bila haraka. Baba alimpa spana kabla hajaiomba. Mimi nilifuta kila beringi mpya kwa kitambaa safi, nikaipaka oili kwa kidole, nikaipitisha chini. Mkono wa Ramadhani ulitoka, ukachukua, ukarudi. Akakaza nati kidogo hapa, kidogo pale, akarudia. Kila alipomaliza konrodi moja, Odhiambo aliizungusha injini kwa hendeli kule mbele, ili wajue kama haijabana.

Juu yetu wanawake walikuwa wameanza kuimba tena, taratibu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi, oili mpaka kwenye viwiko, baba yangu upande mmoja na mume wangu mbele. Sikuwahi tena kujisikia niko nyumbani kama nilivyojisikia pale, kando ya barabara ya watu.

Sampu ikarudishwa, oili ikamiminwa. Ramadhani akafuta mikono, akaenda kwenye usukani. Hapo Mzee Okelo akasema, "Ngoja. Kuna mtu mmoja hajaongea."

Watu wote wakanitazama. Nikapanda nyuma ya lori. Kijaluo changu siku hizo kilikuwa cha kununulia sokoni tu, na Kiswahili cha kumwambia mtu aliyekufa sikuwa nacho. Nikaweka mkono juu ya mbao, mkono mchafu vile vile. Nikamwambia, "Mama, nilienda, nimerudi." Nilitaka kuongeza habari za uji, na za kile kichwa cha samaki, na kwamba ningekila sasa hivi kama angenipa. Sikuweza. Lakini nililia, na Awino akapanda akanishika bega, akaniacha nilie.

Ramadhani akawasha. Injini ikapiga kelele kidogo mpaka oili ilipopanda, kisha ikatulia, mlio laini kabisa.

"Amekubali," akasema Awino.

Nikamwona Ramadhani anafungua mdomo. Mzee Okelo akamwangalia, naye Ramadhani akaufunga. Na mimi, niliyekuwa na jambo la kusema kuhusu andasaizi ishirini, nilikaa kimya pia. Hata leo, ukiniuliza ni nini kilichotufikisha Asembo, nitakuambia beringi. Lakini bila yale maneno waliyomwambia marehemu, tungefika tukiwa vipande.

Beringi mpya hazikimbizwi. Ramadhani aliendesha kwa mwendo wa baiskeli, mlima baada ya mlima, na baba yangu akatufuata nyuma kwa gari lake, endapo lori lingesimama tena. Watu waliokuwa mashambani waliona lori linakuja polepole, watu wanaimba, na gari la heshima nyuma, wakavua kofia. Wakasema huyu mama anasindikizwa kwa adabu ambayo hawajaiona. Tulifika jua likiwa bado juu ya ziwa.

Nilishuka nikasimama kando, nisijue niende wapi, maana ua ule ulikuwa umejaa na sikuwa nimeambiwa kama nimeruhusiwa. Awino alipita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. "Chi Odhiambo," akasema, "unasimama hapo kama mgeni? Ingia ndani. Baba yako na yule fundi watakula nini?" Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita hivyo. Nikanawa oili, nikaingia jikoni kwa mama mkwe wangu, na nikawapikia.

Wote wameshatangulia, mwanangu. Mzee Okelo, baba yangu, Awino, Ramadhani. Wale wazee wawili walikuja kuwa marafiki, wakawa wanatembeleana na kubishana habari za magari; Mzee Okelo hakujua lolote, na hilo halikumzuia. Nikikaa hapa peke yangu huwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Zaidi namshukuru yule mzee, kwa sababu angeweza kunitetea kwa kuwafokea watu wake, na wangenyamaza kwa hofu, nami ningeishi kati yao kama mwiba maisha yangu yote. Au angeweza kuwaridhisha, nami ningeenda. Yeye alinipa kazi.

Basi ninachokuambia ni hiki. Kitu kikikwama nyumbani kwako au kazini kwako, chungulia chini ya gari kwanza kabla hujatafuta mtu wa kumshusha. Ukijua ukweli, useme, lakini usiutupe usoni mwa mtu anayelia. Ukifukuzwa siku moja, na utafukuzwa, tafuta namna ya kuondoka kama mtu aliyetumwa. Na ukijaliwa kuwa mkubwa, ukaona watu wamemwelekeza mtu mlango, usibishane nao sana. Mtume yule mtu kitu ambacho ninyi nyote mnakihitaji, kisha umngoje, hata kama itabidi ulale njiani.

Mungu akujalie, mwanangu. Akupe mikono isiyoogopa kuchafuka, na wakwe wenye subira, na watoto wasiokuonea haya. Na popote utakapotumwa katika maisha haya, hata ukienda unalia, uwepo mtu mmoja aliyekataa kuondoka mpaka wewe urudi.